Umeuliza Rehema Aje na Nguo Gani

Hospitali ya Kifua,
Skotlandi.

Dada yangu Marta,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, na kupitia kwako namwamkia Mama. Miguu yake inaendeleaje? Ulisema masika ilimvimba hata akashindwa kwenda kanisani. Na mahindi ya bondeni, mlipata kitu, au nguruwe wameyamaliza tena? Najua majibu yatanifikia baada ya miezi miwili, lakini nauliza, maana kila jioni nawaza habari za nyumbani Misima na sina wa kumwuliza.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniandikia kuwa mke wa meneja mpya pale kwenye shamba la mkonge amempenda sana mwanangu Rehema, kuwa amempa kazi ya kulea mtoto wao tangu mavuno, na kuwa wakienda likizo Ulaya mwakani wanataka kumchukua kama mimi nilivyochukuliwa. Umesema kaka Yohana, kwa kuwa ndiye mjomba, ameshatoa neno la ndiyo. Na Rehema mwenyewe anafurahi, ameibandika ile picha yangu ukutani, kila mgeni anaonyeshwa: huyu ndiye mama yangu, tazameni koti lake. Mwisho ukauliza aje na nguo gani, ili fundi wa Korogwe aanze kushona mapema.

Dada, asije. Jibu langu ni hilo, lakini imenichukua siku sita kuanza kuliandika, kwa sababu najua neno hilo tupu halitamtosha kaka Yohana wala Rehema. Kwa hiyo nitakueleza yote. Soma mwenyewe. Usimpe mwalimu akusomee, wala usiisomee uani mbele ya watu.

Nianze na lile koti. Si langu. Siku ile bwana, mwajiri wangu, alikuwa anapiga picha za familia yake ngazini, nami nimesimama pembeni natetemeka. Memsahib, mkewe, akavua koti lake akanivika, akanipa na kofia na glavu zake, akasema picha hii nipeleke nyumbani wafurahi. Ilipokwisha nikavua nikamrudishia. Sidhani nilikaa ndani ya koti lile muda wa kukaanga yai. Ningeweza kukuandikia hivyo nyuma ya picha. Nikaandika, "Mimi mzima, baridi si kitu."

Tena, siishi katika nyumba ile. Huu ni mwezi wa saba nimelazwa huku milimani, katika hospitali ya wagonjwa wa kifua. Barua zako zinafika kwa bwana kwanza, ndipo wananiletea, na mimi nimekuwa nikikujibu kana kwamba niko jikoni kwao. Ugonjwa wangu ni ule ule uliomchukua baba yake Rehema.

Sasa nikurudishe nyuma.

Ulipotusindikiza pale stesheni ya Korogwe, mzigo wangu uliujua, uliufunga mwenyewe. Doti mbili za kanga, kaniki moja, magauni mawili na viatu vya raba. Tulidhani tumejiandaa, kwa sababu tulikuwa tunaifikiria baridi ya Lushoto, ile ya mwezi wa saba Wasambaa wanapokwenda sokoni wamejifunika mablangeti. Dada, baridi hiyo hapa watu wangeivulia mashati. Siku tuliyoshuka melini nilivaa gauni moja juu ya lingine, nikajifunga doti zote mbili, nikajitanda kaniki, na upepo ukapita kama sikuvaa kitu. Watu bandarini walisimama kunitazama. Jini, mtoto wa memsahib, akanishika kidole akaniuliza kwa Kiswahili, "Yaya, kwa nini wanakutazama?" Alikuwa na miaka minne. Nilimpokea akiwa na siku tisa, unakumbuka, na lugha yake ya kwanza ilikuwa yetu.

Nyumba ilikuwa ya mama yake bwana, bibi kizee ambaye mimi nilimwita memsahib mzee. Si mwanamke wa kupiga kelele. Siku ya pili tu alinipa nguo za kazi: gauni la sufu la kijivu, aproni nyeupe, viatu vya ngozi, na soksi nene ndefu ambazo zinawasha kama upupu. Nguo zangu akasema nizifungie sandukuni. Nilivaa. Vidole vya miguu vikavimba, vikawa vyeusi kwa wekundu, vikapasuka. Mpishi wao akaniambia ni kawaida, vya kwake hupasuka kila mwaka.

Glasgo, ilipokuwa nyumba hiyo, ni mji wa watu wa kila namna. Nilipotumwa madukani nilikuwa naona mabaharia wa Kisomali wamevaa makoti marefu ya jeshi, Mayahudi wenye ndevu na kofia nyeusi, Wahindi wenye vilemba, na siku za sherehe wanaume wa hapo hapo wanavaa sketi na hawaoni haya. Kuna Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba na ndevu, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na sanduku, anauza soksi na blauzi. Alipogonga mlango wa jikoni na kuniona, alisema, "Jambo, mama. Wewe wa Mombasa?" Nikamwambia ni wa Handeni. Kaka yake ni fundi wa reli Tabora, kwa hiyo Kiswahili alikuwa anakijua kidogo. Akanitazama nilivyokuwa nimejikunyata akaniambia, "Hapa vaa gazeti, mama. Chini ya gauni, mbele na nyuma. Sote tunavaa." Tangu siku hiyo nilivaa gazeti. Nikitembea nilikuwa nalisikia likichakacha.

Lakini kitu kilichoniuma zaidi si baridi. Wanawake maskini wa mji ule hubeba watoto kama sisi. Hawabebi mgongoni, humfunga mtoto kifuani kwa shali kubwa, anakaa humo kimya na joto. Mara ya kwanza nilipomwona mmoja wao nilitaka kumsalimu kama ndugu. Memsahib mzee naye alikuwa amewaona, na hiyo ndiyo sababu aliponikuta nimemfunga Jini mgongoni kwa kanga, alimwita mkwewe palepale. Memsahib akaja kunieleza kwa Kiswahili chake cha shambani:

"Edita, memsahib mzee hapana taka. Hapa, watu ya shida tu nabeba toto hivi."

"Atalalaje, memsahib? Hajawahi kulala bila kubebwa."

"Yeye tajifunza."

Walimpa Jini chumba chake peke yake, ghorofani. Analia mpaka anatapika, na mimi niko chini nasikia. Mchana anatembea kama mlevi kwa kukosa usingizi. Nilivumilia wiki mbili. Kisha nikawa nafanya hivi: baada ya chakula cha mchana memsahib mzee hulala, na memsahib hutoka. Nikamchukua Jini mpaka chumba cha kufulia, ambako kuna joto la bomba, nikafungua sanduku, nikatoa ile kanga nyekundu uliyoninunulia wewe, nikamfunga. Analala kabla sijamaliza kukaza fundo. Uso wake ananiwekea shingoni. Nilikuwa napiga pasi naye yuko mgongoni, tukifanya siri mimi na yeye, kila siku isipokuwa Jumapili.

Kikohozi kilinianza majani yalipokuwa yanapukutika. Nikasema ni baridi, kwani nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Halafu gauni likaanza kunipwaya. Halafu jasho la usiku, hata naamka nguo ya kulalia imeloa. Halafu siku moja nikiwa nakunja mashuka, kikohozi kikanikaba, nikaziba mdomo kwa pembe ya ile kanga, na nilipoiondoa nikaona.

Nilijua, dada. Nani ajue kuliko mimi? Tangu vumbi la korona, ile mashine ya kuchana mkonge kiwandani, lilipomshinda baba yake Rehema, ni mimi niliyemfulia vitambaa vyake miezi minane mpaka mwisho. Sikuhitaji daktari aniambie.

Nikaifua ile kanga kwa maji ya moto na sabuni. Kesho yake nikambeba tena.

Nimelala kitandani hapa miezi saba nikitafuta sababu. Nilijiambia nikisema watanitenga na mtoto, naye hana mwingine anayeelewa maneno yake. Hiyo ni kweli. Nilijiambia watanipeleka hospitali, na baba yake Rehema aliingia hospitali akatoka amefunikwa. Hiyo nayo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba yule mtoto mgongoni ndiye alikuwa kitu pekee chenye joto katika nchi ile, na sikutaka kumtua. Nilikuwa nageuza uso pembeni nikikohoa. Niliona inatosha.

Iliendelea hivyo mpaka karibu na Krismasi. Asubuhi moja nilikuwa napandisha ndoo ya makaa ya mawe ghorofani, nikaanguka kwenye ngazi, na damu ikatoka mbele ya wote. Ilimwagikia aproni. Daktari akaja, akasikiliza mgongo wangu, na uso wake tu ukatosha. Kabla gari halijafika, walikuja watu wawili wamejifunga vitambaa mdomoni, wakabeba godoro langu, sanduku langu, magauni, kaniki na kanga zote, wakavichoma nyuma ya bustani. Niliona moshi nikiwa nimekalishwa dirishani na blangeti la watu. Jini alikuwa amefungiwa ghorofani. Alikuwa anapiga mlango kwa ngumi akiita, "Yaya, fungua."

Mwezi mmoja baadaye alianza kuchechemea. Ugonjwa umemwingia kwenye nyonga. Yuko hospitali ya watoto, mji mwingine, amelazwa chali, amefungwa plasta kuanzia kiunoni mpaka kwenye kisigino, na wanasema atakaa hivyo mwaka au zaidi. Mguu hautakuwa sawa na mwenzake.

Utauliza huku navaa nini. Navaa mali ya hospitali, kama wengine wote. Gauni la kulalia la flaneli, koti fupi la sufu jekundu, kofia ya kufuma, glavu, na chupa ya maji ya moto miguuni. Ni kwa sababu dawa yao ni hewa. Pamoja na sindano, vitanda vyetu vinasukumwa nje barazani na huko ndiko tunakoshinda, hata theluji ikianguka. Theluji ni kama majivu meupe yanayoshuka bila moto. Asubuhi manesi hupita na ufagio mdogo kuifagia juu ya mablangeti yetu.

Kwenye kitanda kilicho kando ya changu alikuwa mwanamke kijana Mpolandi, jina lake Halina. Wiki ya kwanza nilikuwa nasali Baba Yetu kwa sauti ndogo, nikasikia mtu anasema, "Mama, wewe toka wapi?" Nilidhani ni homa. Kumbe wakati wa vita yeye na mama yake walikimbia kwao wakaletwa kambi ya wakimbizi karibu na Arusha, akakulia huko. Mzungu huyo, dada, aliniuliza kama kwetu kuna ndizi za kuchoma, akafumba macho. Tukawa tunaongea siku nzima. Alikuwa akiniona nimekata tamaa ananiambia, "Baridi hapana kuua, mama. Moyo ndiyo naua." Mwezi uliopita walimpeleka kukatwa mbavu ili pafu lipumzike. Asubuhi hiyo alinipa soksi zake nimtunzie, maana nesi wa chumba cha kupasulia angezipoteza. Hakurudi. Mchana wakaja wakatandika kitanda chake upya. Soksi zikachukuliwa kwenda kuchemshwa, na sikuzipata tena.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikwambie usome peke yako.

Wiki mbili zilizopita memsahib alikuja kunitazama. Alikuwa hajaja kabla. Amekonda. Alikaa kwenye kiti mbali kidogo kama wanavyoagizwa wageni, amevaa koti lake na hakulivua. Aliniambia habari za Jini. Amesema hataji tena maneno ya Kiswahili, juzi aliomba maji kwa Kiingereza. Halafu akawa anavuta vidole vya glavu yake kimoja kimoja. Ndipo akauliza.

"Edita, sema kweli. Gonjwa hii, wewe nalijua mbele?"

Akaendelea, "Memsahib mzee nasema wewe nalijua. Nasema wewe nabeba toto kwa siri, na nalijua. Mimi nasema hapana. Mimi nasema Edita hawezi danganya mimi. Miaka tano, hapana danganya hata moja."

Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeshikilia ukingo wa kisima. Nami nilikuwa nimejiandaa, dada. Siku nyingi nilikuwa nimejiambia akija nitamwambia, aniseme, anitemee mate, nitue.

Nikasema, "Sikujua, memsahib. Nilidhani ni baridi."

Akalia. Akasogeza kiti karibu, ingawa wamemkataza, akanishika mkono. Akasema alijua hivyo, alijua. Akafungua mfuko akatoa sweta ya sufu ya bluu. Ameifuma mwenyewe, amesema, usiku akikaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Jini. Akanivika kwa mikono yake, akafunga vifungo mpaka shingoni kama mimi nilivyokuwa nikimfunga mtoto wake. Ni nguo ya joto kuliko zote nilizovaa tangu nije nchi hii. Ninayo mwilini ninapoandika, kwa sababu nesi akiniona bila hiyo ananigombeza.

Wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia.

Kwa hiyo usimwambie mtu kuwa wazungu walinitesa. Memsahib mzee alikuwa mkali, lakini alichokisema juu yangu ni kweli, na aliyenitetea alinitetea kwa uongo wangu. Ninalosema ni kwamba nilikuwa peke yangu katika nyumba ya watu, sina wa kumwambia "naumwa" kwa lugha yangu, na mtu akikaa hivyo anaanza kuficha. Kwanza anaficha baridi, halafu machozi, halafu anaficha na kile ambacho hakifai kufichwa. Mimi nina miaka thelathini na sita na imenishinda. Rehema ana kumi na saba.

Na kuna jambo jingine, hili ndilo linalonitoa usingizini tangu Jumanne. Daktari aliniuliza nani nyumbani aliugua kabla yangu. Nilipomwambia, alisema yawezekana niliupata kwa mume wangu, ukalala mwilini miaka, baridi na uchovu vikauamsha. Dada, Rehema alikuwa analala kitanda kimoja na baba yake mpaka karibu na mwisho, kwa sababu alikuwa hataki kutengwa naye, nami nikamwachia. Na sasa umeniandikia kuwa analea mtoto wa watu.

Mpeleke hospitali Korogwe wampige picha ya kifua, na wakisema hawana mashine, mfike Tanga. Usingoje mavuno, usingoje ruhusa ya mke wa meneja. Mpaka majibu yatoke, asimshike yule mtoto. Akikwambia hakohoi, tazama nguo zake mwenyewe, pembe za kanga na mto anaolalia, maana mimi pia ningekuambia sikohoi. Kaka Yohana mpe heshima yake, yeye ndiye mjomba, lakini mwambie neno lake la ndiyo nimelikataa mimi mama mzazi, na lawama nitabeba mimi. Kama kifua chake ni safi, tutamshukuru Mungu, na abaki na wewe ajifunze kushona kwa yule mjane wa Kihindi wa Masuguru, ambaye alisema siku nyingi anataka msichana.

Mimi bado sijui. Daktari anasema pafu moja limetulia na la pili wanalitazama. Kuhusu kurudi, hakuna aliyenipa siku.

Nisalimie Mama, na usimwambie zaidi ya kuwa naumwa kifua na natibiwa. Nisalimie kaka Yohana na wifi. Nisalimie mama mdogo wa Mkata, aliyenipa mihogo mikavu ya njiani, na shemeji yangu, mumeo, na padri aliyenifundisha kusoma. Waambie wanawake wa kwaya waniombee, bila kutaja sababu.

Rehema nisalimie peke yake. Mwambie kwa upole kwanza. Akikubali kwenda hospitali na kubaki, basi barua hii ichome, na yale niliyomwambia memsahib yabaki kati yako na mimi. Asipokubali, akasema mama anamwonea wivu, mketishe umsomee yote tangu mwanzo, na hilo pia. Afadhali anichukie.

Ni mimi mdogo wako,
Edita